Is na Are

Nilikuwa nimefundisha Kiingereza darasa la nane kwa miaka sita pale Voi, mwalimu mkuu akanihamishia la sita katikati ya mwaka. La nane akapewa binti mgeni kutoka Bura, aliyemaliza chuo juzi tu. Nilimpongeza mbele ya wenzangu huku moyoni nachemka.

Kila kitu chake kiliniudhi, hata sketi iliyopigwa pasi. Kilichoniuma zaidi ni kicheko cha wale wanafunzi wangu wa zamani, kikivuka ua hadi darasani kwangu. Mimi hawakuwahi kunichekea hivyo.

Siku moja nilijifanya natafuta chaki, nikapita dirishani kwake. Ubaoni niliona: "The family are eating." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Familia ni moja, basi ni *is*. Miaka yote, mtoto aliyeandika *are* nilimkosoa kwa kalamu nyekundu.

Sikungoja hata kengele.

"Mwalimu, watoto wanapotoshwa," nilimwambia mwalimu mkuu, "na mtihani ndio huo unakuja."

Wakati wa chai akamwita ofisini kwake, mimi nikiwa palepale. Binti hakukasirika. Alieleza taratibu kwamba kundi likichukuliwa kama kitu kimoja, ni *is*. Ukiwafikiria watu wenyewe, kila mmoja na sahani yake, Waingereza wanakubali *are*. Sentensi ya *is* alikuwa ameiandika juu yake. Mimi niliona niliyoitaka.

"Hata sisi, madam," akanigeukia, "ukiulizwa habari za nyumbani, husemi familia wako salama?"

Nilisema hivyo kila Jumatatu nikitoka kwetu Mghange. Mwalimu mkuu alitoa kitabu cha sarufi kabatini, akasoma, akanitazama.

"Ulikuwa unalijua hili?"

"Nilikuwa nimesahau," nikadanganya.

Nilingoja kusikia walimu wakinicheka, lakini binti hakumwambia mtu. Aliendelea kuniamkia kila asubuhi kwa heshima ileile, na hilo likanichoma kuliko kama angenitangaza. Nilitamani awe na ubaya wowote nimshike nao.

Mwaka uliofuata alihamishiwa Wundanyi, nikarudishiwa darasa langu. Tulipofika kwenye nomino za jamii, nilifundisha kwa maneno yake, neno kwa neno. Msichana mmoja wa mbele akasema, "Madam, leo nimeelewa kabisa."

Nikamwambia ahsante. Sikumtaja aliyenifundisha.