Mche Wangu Mnene wa Bangi
Mimi napenda sifa, na safari hii zimeniponza. Baada ya mahakama kuruhusu kulima bangi nyumbani, majirani wanne wa ghorofa moja hapa mtaani Hillbrow tuliipanda kwenye roshani zetu ili tumtengenezee jirani yetu Mama Neema mafuta. Ana maumivu ya saratani, na mafuta ya dukani ni ghali mno.

Kasongo, fundi cherehani, alituonya tung'oe madume, maana dume likichanua, majike ya jirani hujaa mbegu na mafuta hupungua. Mimi niliamini mche wangu ni jike, kwa jinsi ulivyonenepa. Kila asubuhi nilituma picha yake kwenye grupu letu la simu.

Siku ya kuvuna, kila ua tulilopasua lilijaa mbegu.

"Eish. Nani amefuga dume?" akauliza Kasongo.

Nikatazama dari. Mama Neema akachukua simu, akamwonyesha picha zangu, kuanzia ya kwanza.