Uzi wa Kuzuia Mvua ya Jumamosi

Mvua hainyeshi Edgware siku ya Jumamosi. Hilo nililijua nikiwa na miaka tisa kama nilivyolijua jina langu, na aliyenifundisha ni Shabani, mtoto wa mama mkubwa, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitatu na kwa hiyo alijua kila kitu cha duniani na baadhi ya vitu vya mwezini. Mtaani kwetu kulikuwa na nguzo ndefu nyembamba, na juu yake ulipita waya mwembamba kama unywele, ukavuka barabara na kupotelea nyuma ya maduka. Shabani alisimama chini yake, akanyoosha kidole, akasema waya ule wameuweka majirani zetu Wayahudi ili wasilowe wakienda sinagogi kwa miguu. Unaanza kazi Ijumaa adhuhuri, unapumzika Jumamosi usiku. Nikamuuliza mbona Jumamosi iliyopita tulilowa mpaka soksi. Akaniangalia kwa huruma, kama daktari anavyomwangalia mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa. "Ulikuwa umekatika mahali, we mtoto. Ukiona mvua, ujue waya umekatika." Na kweli, kila wiki tulimwona mzee mmoja akiendesha gari polepole kama anayesindikiza jeneza, akisimama karibu na kila nguzo na kutazama juu kwa darubini. Jamani, ningetaka ushahidi gani zaidi?

Sasa, mama yangu alikuwa nesi, Mtanga aliyeivaa London kama anavyovaa koti la baridi: hakulipenda, lakini alilifunga vifungo vyote. Wodini kwake alifanya kazi pia mama mmoja Myahudi, na mama huyo alikuwa na mtoto aitwaye Benji, rika langu, anayetumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Kiangazi hicho kambi ya watoto wa Kiyahudi aliyokuwa anakwenda Benji ilikosa nesi, na mama yake akamwomba mama yangu achukue likizo akasaidie. Mama hakuwa na wa kuniachia, maana kuniacha na Shabani ilikuwa sawa na kuacha jiko likiwaka. Basi nikapakiwa pamoja na masanduku ya dawa. Mama alifurahi kwa sababu moja kubwa: alisema hakuna kambi nyingine Uingereza nzima ambako hatahitaji kuuliza soseji ile imetokana na mnyama gani.

Kambi yenyewe ilikuwa katika shule ya bweni iliyokodishwa, mwisho kabisa wa London, pale ambapo mabasi yanageuza na nyumba zinaanza kuachiana nafasi. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi mbichi zilizokatwa, ikichanganyika na dawa ya kuua vijidudu na supu ya kuku, nipo pale. Supu ile ilipikwa katika sufuria ambalo, naapa, ungeweza kuogelea ndani yake na bado ukahitaji msaada wa kufika upande wa pili. Watoto tulikuwa kama elfu kumi. Mama husema hatukufika hata mia, lakini mama hakulala bwenini nao.

Waliotuongoza ndio walionishangaza kuliko supu. Nilitegemea wazee wenye filimbi. Nikakuta wanafunzi wa chuo kikuu, kumi na tisa, ishirini hivi, wenye jinzi zilizochanika magotini na sauti zilizokwisha kukauka kwa kuimba. Mkubwa wao alikuwa Talia, msichana mfupi wa mwaka wa pili ambaye Benji alisema zamani alikuwa na haya mpaka akiitwa jina darasani anageuka rangi. Chuoni wenzake wa chama cha wanafunzi wa Kiyahudi walimsukumia kazi ya kuandaa chakula cha Ijumaa usiku, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Akaanza na meza moja na watu wasiojuana, akaishia ukumbi uliojaa. Ndipo wakamkabidhi kambi, kwa mara ya kwanza, na mapema tu nilimwona akipita koridoni akijisemesha peke yake kama mtu anayekariri mtihani. Kumi na tisa! Mimi wakati ule nilimwona bibi kizee.

Ahadi moja ilimkalia Talia kooni kuliko zote, na ahadi hiyo ilikuwa kwa Benji. Siku ya Jumamosi, ambayo ni Sabato yao, Wayahudi wanaoshika sheria hawabebi kitu wala hawasukumi kitu nje ya nyumba, hata kiti cha magurudumu. Kiangazi kilichotangulia, mahali pengine, Benji alishinda Sabato nzima ndani, akiwasikiliza wenzake wakiimba kwenye hema upande wa pili wa uwanja. Alinisimulia hayo huku akitazama ukutani, na Benji hakuwa mtu wa kutazama ukutani; alikuwa mtani kuliko Shabani. Dawa yake ilikuwa uzi. Ukisimamisha nguzo kuzunguka eneo lote na kupitisha uzi juu yake bila kukatika, eneo lote linahesabiwa kuwa nyumba moja, na ndani ya nyumba moja unaruhusiwa kusukuma. Wenyewe wanauita eruv. Talia alimwahidi Benji kwamba safari hii atakuwa hemani, na si kukaa tu: yeye ndiye atakayeanzisha wimbo wa kwanza mbele ya kambi nzima.

Alhamisi walisimamisha nguzo. Mimi nilipoona uzi wa nailoni ukipanda juu ya zile nguzo nilikaribia kupiga magoti. Kumbe ule mtambo wa mtaani kwetu unabebeka! Talia alitueleza habari ya nyumba moja na kusukuma kiti, nikaielewa vizuri sana, nikaiweka pembeni ya ile niliyokuwa nayo. Uzi una kazi mbili, nikajiambia: kubeba vitu na kuzuia mvua. Nilimwambia Benji tusihangaike na makoti. Akasema, "Makoti ya nini?" Nikaona na yeye anajua.

Ijumaa asubuhi Talia na kijana mwenzake Yoni, mrefu kama mlingoti, waliukagua uzi wote na kuukuta mzima. Mchana ukaja upepo wa kung'oa meno. Baada yake, jioni watoto wakipanga foleni ya kuoga, ikashuka mvua. Si mvua ya London ile ya kukuchokoza. Hii ilikuwa mvua ya kuzamisha basi la ghorofa na abiria wote. Nilikuwa chumba cha huduma ya kwanza, mama akimfunga mtoto bandeji kifundoni. Nikaenda dirishani. 

"Mama! Uzi umekatika!"

"Kasimu, usinianze."

"Mama, si unaona mvua?"

"Naiona. Na wewe nakuona. Kaa."

Sikukaa. Nilitoka mbio mpaka ukumbini, ambako Talia alikuwa na taulo kichwani, mshumaa ambao haujawashwa mkononi, na watoto sita wakimwuliza maswali kumi na mawili. Waliongea Kiingereza wote, mimi hapa nawavalisha kanzu ya Kiswahili tu. Nikamwambia uzi umekatika. Akainama mpaka macho yetu yakalingana.

"Umeuona umekatika?"

"Sijauona. Lakini mvua inanyesha."

Yoni alicheka mpaka akashika ukuta. "Bwana mdogo, hii ni Uingereza. Tungefuata hesabu yako tungekuwa tunaunga nyuzi tangu enzi za wafalme. Talia, tumeshakagua asubuhi, nenda kakaushe nywele."

Talia hakucheka. Hakunikubalia pia. Alitazama dirishani, akatazama miti inavyoyumba, nikaona kitu kinapita usoni kwake ambacho siku zile sikukijua jina. Alijua kwamba jua likishazama haruhusiwi kufunga fundo hata moja mpaka Jumamosi usiku nyota zitoke. Alijua pia kwamba nina sababu ya kijinga. Nadhani hakuwahi kusikia ya kijinga kuliko ile. Akauweka mshumaa mezani. "Upepo ulikuwa mkali," akasema. "Yoni, shika ukumbi. Kasimu, twende."

Tulizunguka uwanja na mvua ikitupiga kama ina kisa na sisi. Viatu vyangu vilijaa maji kiasi kwamba kila hatua ilisema neno. Upande wa kwanza, uzi upo. Upande wa pili, upo. Nilianza kuona haya, maana Talia alikuwa analowa kwa neno langu, na huko bwenini Benji alikuwa amebandika uso kwenye kioo, akitufuata dirisha kwa dirisha. Nyuma ya jiko, pale njia ya kwenda hemani inapopita, tawi la mti lililovunjika lilikuwa limelala chini, na chini yake uzi wetu, vipande viwili, kwenye matope. Kesho asubuhi kambi yote ingepita palepale ikielekea hemani, wangeuona, na Benji angeishia mlangoni.

Talia alisema neno moja la Kiebrania ambalo sikulielewa na ambalo nadhani si la sala. Aliburuta kreti tupu la mboga kutoka jikoni, akapanda, mimi nikikumbatia nguzo kwa mikono na miguu kama nyani ili isiyumbe. Vidole vyake vilitetemeka. Fundo la kwanza likateleza. Akavuta pumzi, akajisemesha kama koridoni, akaanza upya. Jua lilikuwa limebaki kama kipande cha chungwa nyuma ya mawingu. Fundo likakaza. Akaliongezea la pili juu yake, akavuta kwa nguvu zote, likashika.

Na mvua ikakata.

Wallahi ikakata, palepale, kama mtu aliyefunga bomba. Talia aliketi juu ya kreti, taulo limemwangukia mabegani kama mbwa aliyelowa, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Nami nikasimama pale nikiwa nimejaa amani kubwa ya mtu aliyeona sayansi ikifanya kazi. Bwenini Benji aligonga kioo kwa ngumi mbili. Yoni alitupokea mlangoni. Alimvua Talia taulo, akampa jingine kavu, halafu mimi akanisalimia kwa mkono kama anavyosalimiwa mtu mzima.

Kesho yake kulikuwa na jua la kukaanga mayai. Talia alimsukuma Benji kwa mikono yake kuvuka uwanja wote, chini ya lile fundo, mpaka katikati ya hema. Benji akaanzisha wimbo. Aliuanzia juu mno, juu kabisa, mahali ambapo paka tu na mabomba ya maji hufika, na kambi nzima ikalazimika kumfuata huko, watoto elfu kumi mishipa imewatoka shingoni. Mama yangu, aliyekuwa amekaa pembeni na mfuko wake wa dawa, alijifunika uso kwa kanga kuficha kicheko. Nilitafuta uso wa Talia. Alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na kamba za hema, mikono imelegea, ameshusha pumzi ambayo nafikiri alikuwa ameishika tangu mwezi uliopita.

Baadaye tulihamia Woolwich, ambako hakuna waya wa namna ile, na huko mvua hunyesha Jumamosi vizuri tu, sokoni, juu ya mihogo na juu ya waumini wa dini zote. Nikaona hapo ndipo hoja ya Shabani inapothibitika. Maisha yakaenda. Shule ya mchana sikuelewana nayo, tukaachana. Nikabeba mizigo ghalani mchana na kusoma usiku, nikisinzia juu ya michoro ya saketi mpaka wino ukanihamia shavuni. Mwaka huu nimemaliza. Ni fundi umeme mwenye cheti, mabibi na mabwana. Darasani kwetu tulikuwa watu wazima, madereva, walezi wa wazee, baba mmoja mwenye wajukuu, na walinichagua niwe msemaji wao. Siku ya kwanza ya cheo hicho mama mmoja wa Kikongo aliniletea malalamiko ambayo hayakuwa na kichwa wala miguu, kwamba taa za ukumbi zinamfokea. Kidogo nicheke. Nikaweka kalamu chini, nikaenda naye kuangalia. Taa ilikuwa na hitilafu kweli, ingeweza kutuunguza. Siku hizi nikiwaona vijana wa miaka kumi na tisa kwenye basi, wakiangusha simu zao na kuchekana, nashindwa kuamini kwamba Talia alikuwa sawa nao. Nilimdhani ameumbwa kiongozi. Kumbe alikuwa anatetemeka, na alitoka hivyohivyo kwenda mvuani.

Tulifanya karamu ya cheti nyumbani kwa mama, pilau mpaka mlangoni. Benji alikuja. Naye amemaliza chuo kikuu, alikuwa mwenyekiti wa chama kilekile cha wanafunzi, na kila kiangazi anaongoza kambi. Vijana wake wanamwogopa kwa sababu ya sauti. Nikasimama kutoa hotuba, nikasimulia habari ya Talia, uzi na mvua, nikaieleza kitaalamu kabisa, jinsi uzi unavyoizuia. Watu walicheka, nikafurahi. Nilipokaa, Benji akasogeza kiti chake karibu.

"Kasimu, ulikuwa unatania, sivyo?"

"Kutania nini?"

"Ndugu yangu, una cheti cha waya." Alifuta midomo kwa kitambaa, taratibu. "Ule uzi hauzuii mvua. Nimezaliwa Edgware, nimelowa Jumamosi zote za maisha yangu."

"Siku ukikatika, ndiyo."

"Hapana, Kasimu. Hata ukiwa mzima."