Siku ya Mwisho Kusikika

Kaka yangu alirudi likizo na mkoba wa vitabu na karatasi moja iliyokunjwa mara nne kama hirizi. Anasoma shahada ya pili huko bara, idara ya takwimu za afya, na mpaka leo nyumbani kwetu Micheweni hakuna anayejua hasa kazi hiyo ni kazi gani. Mama huwaambia majirani kuwa mwanawe anasomea udaktari wa hesabu. Jirani mmoja akaja na mtoto mwenye mafua. Nikamwambia kaka, mpe desimali mbili, kutwa mara tatu.

Ile karatasi ilikuwa orodha ya matawi ya utafiti ya idara yao. Alitakiwa achague moja kabla ya Ijumaa, maana kila mwalimu ana tawi lake na mwanafunzi lazima awe na wa kumfuata. Tulikuwa ukumbini, mimi na mama tunafunga tai-tai, vile vikamba vyembamba vya kushikia mche wa mwani kwenye kamba kubwa, na yeye anatusomea kama anatangaza matokeo ya mtihani.

"Majaribio ya tiba. Hawa wanapima kama dawa mpya inashinda ya zamani."

"Wapime na uji wa mama," nikasema. "Ule unashinda njaa lakini unashindwa na ladha."

"Ntakupiga," mama akasema, bila kuinua macho.

"Takwimu za mahali. Wanachora ramani, maradhi yako wapi, yanahamia wapi."

"Hiyo kazi anaifanya shangazi bila mshahara. Anajua kila mwenye kikohozi mpaka Mgogoni."

Niliposema Mgogoni mama akainua macho, akayashusha. Nilijua nimegusa wapi. Mgogoni kuna mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, mwenye mikarafuu kidogo na meno yote, aliyeleta watu kumposa mama. Mama hakukataa. Alisema tu kwamba bado ana mume, na mume huyo hajulikani alipo.

Baba alikwenda Msumbiji kuuza vitenge nikiwa darasa la tano. Idi Kubwa ya mwaka ule alipiga simu, akatusalimia wote mmoja mmoja, akasema anarudi. Basi. Baada ya hapo, kwa hesabu ya nyumba nzima, hakusikika tena. Mama alikwenda kwa kadhi, na kadhi akamwambia kwamba atahesabu miaka minne tangu siku ya mwisho mume alipoonekana au kusikika. Ikitimia bila habari yoyote, atalisikiliza ombi lake la kufunguliwa ndoa. Mimi sasa niko form three, maana kwetu shule ya msingi huishia darasa la sita. Idi Kubwa ya nne ilikuwa imepita wiki mbili nyuma, na Alkhamisi mama alikuwa na miadi Chake Chake, aende akaape juu ya tarehe ile.

Kaka akaendelea na orodha. Takwimu za jeni. Data zilizokosekana. Halafu akafika kwenye lile alilokuwa analitaka mwenyewe, maana sauti ilibadilika.

"Uchambuzi wa uhai. Hawa wanahesabu muda. Mgonjwa ameanza dawa leo, ataishi mpaka lini."

"Hiyo si hesabu, hiyo ni kazi ya Mungu," mama akasema.

"Si kutabiri, mama. Tunaangalia waliopita." Akauchukua upande wa kamba niliokuwa naufunga mie. "Sema umefunga miche mia. Baada ya mwezi unakwenda kuangalia. Mingine mizima, mingine imekufa, hiyo unajua. Lakini kuna ile ambayo maji yamekata tai-tai yakaichukua. Hiyo utaiandika nini?"

"Imekufa," nikasema.

"Umeiona imekufa?"

"Basi hai."

"Umeiona hai?"

"Basi andika imekwenda Msumbiji."

Hakuna aliyecheka, na hata mie sikujua kwa nini nimelisema. Huwa linatoka tu, kama kwikwi.

"Unaandika siku ya mwisho uliyoiona," kaka akasema taratibu. "Mpaka siku hiyo ilikuwapo. Baada yake unanyamaza. Huiongezei uhai, huizulii kifo. Ila ile siku ya mwisho iwe ya kweli. Ikikosewa hiyo, hesabu yote imekosewa."

Mama akasema, "Basi kadhi naye kasoma huko huko chuoni kwenu." Na hilo, ajabu, wakalicheka wao wawili. Mimi nikaendelea kufunga. Nilifunga tai-tai kumi na moja, nikazihesabu, nikazihesabu tena.

Sasa niseme jambo lenyewe. Nilipokuwa form one nilikuwa na mchezo. Nikishika simu ya mama na akapiga mtu, najifanya yule mwanamke wa kwenye mtandao: "Samahani, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye." Nilikuwa naiweza sauti ile hadi shangazi akawa anakata simu na kulalamikia mtandao. Ramadhani ya mwaka ule, kumi la mwisho, mchana, mama yuko kwenye mwani, ikaja namba ndefu ya nje. Nikapokea nikamwaga yote, pamoja na kile Kiingereza chake cha mwishoni. Halafu mwanamume akasema, "Basi nitapiga tena." Akakata.

Nilicheka kwanza. Nikakaa na ile simu mkononi hadi adhana ya magharibi, haikulia. Nikaifuta namba. Mwezi uliofuata simu ikamponyoka mama baharini, na mie sikusema. Si kwamba nililia au nilikosa usingizi. Nilikula futari vizuri sana siku ile, nakumbuka tambi na muhogo wa nazi. Lilikuwa tu limekaa mahali, kama kipande cha ganzi baada ya kung'olewa jino: unakigusa kwa ulimi, kipo, si chako.

Alkhamisi tukaenda watatu. Tulikaa kwenye benchi nje ya mahakama, mama kavaa buibui lake jipya, karatasi ya maombi mapajani. Akanipa niisome kama hakuna kosa la herufi, maana kaka mwandiko wake ni wa kuku. Nikasoma. Jina, kijiji, tarehe ya ndoa. Siku ya mwisho kusikika: Idi Kubwa, na mwaka wake.

"Hakuna kosa la herufi," nikasema.

"Haya, lete."

"Ila tarehe siyo."

Akaniangalia. "Ipi?"

"Ya mwisho. Baba alipiga tena, nikiwa form one, Ramadhani, kumi la mwisho. Nikamfanyia ile ya hapatikani."

Nilingoja kofi. Ningelipenda kofi, lingekuwa kitu cha kujibu. Mama akaichukua karatasi akailaza vizuri mapajani, akaipapasa mikunjo.

"Akasema nini?"

"Akasema, basi nitapiga tena."

"Akapiga?"

"Hakupiga."

Kaka ndiye aliyeruka. "Subiri, subiri. Alijitaja? Aliita jina la mtu? Maneno matatu tu hayo, yakhe! Inaweza kuwa mtu yeyote kakosea namba. Mama, hiyo haijathibitika. Huwezi kuiandika."

"Aliyekosea namba akisikia rekodi anakata," mama akasema. "Hajibizani nayo. Kaijua sauti ya mwanawe."

"Hujui, mama."

"Na wewe hujui. Lakini mie ndiye naapa." Akanigeukia. "Kumi la mwisho, siku ya ngapi?"

"Ishirini na saba. Shangazi alikuwa anakaanga sambusa za khitima."

Akachukua kalamu kwa kaka. Hakuomba, aliitoa mfukoni mwake. Akaikata Idi Kubwa na mwaka wake kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake Ramadhani ishirini na saba na mwaka wa form one yangu, polepole, ile R akairudia mara mbili. Kaka akatazama pembeni. Na mie, ambaye nina neno kwa kila kitu, hata kwa maiti, nilikuwa natazama siafu wanapanda mguu wa benchi.

Karani alikuwa mtu mpole. Aliisoma, akahesabu kwa vidole chini ya meza akidhani hatumwoni.

"Bi, kwa tarehe hii miaka haijatimia. Bado kama miwili hivi. Ulikuwa huna habari, ukaipata leo?"

"Nimeipata leo."

"Basi ndiyo hivyo. Usiape leo. Utarudi ikitimia, inshallah, kama hakujatokea habari nyingine."

"Inshallah," mama akasema, akamshukuru, akasimama.

Kaka alisema ana rafiki wa kumwona Gombani, akatuacha. Sisi tukakaa tena kwenye lile benchi, maana gari ya Micheweni ilikuwa bado. Mama akanipa simu yake.

"Mwandikie wa Mgogoni."

"Nimwandikie nini?"

"Mwambie miaka haikutimia. Bado miwili. Mwambie asinisubiri, yeye mtu mzima, atafute wake. Na umsalimie."

Niliandika kama alivyosema. Herufi zote, hata nukta. Nikamsomea. Akasema rudia pale pa "asinisubiri", nikarudia.

"Weka tafadhali," akasema.

Nikaweka. Nikaituma, ikapiga tiki moja, baadaye mbili.

"Kaisoma?"

"Bado, mama."

Akaichukua simu akaitia mkobani, akafunga zipu, akauweka mkoba katikati yetu juu ya benchi.