Salamu za Tunduru

Juma lililopita nilifunga matairi sita mapya kwenye lori langu, hapa Lizaboni. Sita kwa mpigo, na uliza mtaani kama kuna mwingine anayefanya hivyo. Shule niliishia la nne, lakini tairi nalijua kwa kuligonga kidole tu. Basi ile harufu ya mpira mpya ikanirudisha kwenye pikapu ya baba.

Mimi, baba na kaka zangu tulikuwa tunampeleka bibi, mama yake baba, Tunduru akamwone dada yake, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani. Enzi zile gari likienda mbali, mtaa mzima ulijua. Alfajiri majirani walishafika, huyu na gunia la mahindi ya mkwe wake, yule maharage ya kaka yake, mwingine jogoo. Kukataa mzigo wa salamu ilikuwa sawa na kumkataa mwenyewe. Baba hakumkataa hata mmoja. Springi zikalala kabisa.

Karibu na Hanga tairi la nyuma likapasuka. Tukafunga la akiba. Tulipoipita Namtumbo, nalo likapasuka. Vumbi, harufu ya mpira ulioungua, na jogoo anawika juu ya magunia kana kwamba tumefika.

“Mama, tushushe nusu ya magunia tuyaache kijijini,” baba alisema.

“Waliotutuma utawaambia nini? Salamu hazishushwi njiani,” bibi akamjibu.

“Tairi halitabeba, mama.”

“Basi tushuke sisi.”

Tukakata majani, baba akayashindilia ndani ya tairi mpaka likawa gumu. Gari likatambaa, sisi nyuma kwa miguu tunatafuna viazi vitamu vilivyopoa. Kaka zangu walilalamika. Mimi sikulalamika, na mpaka leo hawabishi. Kijiji cha mbele tukakaa siku mbili, hadi lori moja lilipotuuzia tairi kuukuu.

Tulipofika Tunduru, dada yake bibi alikuwa amezikwa jana yake.

Bibi hakumlaumu mtu. Alinawa miguu, akapita nyumba kwa nyumba kukabidhi kila mzigo, akimtaja aliyeutuma. Ndipo akaenda kukaa msibani, akalia.

Mimi leo ningeshusha, sikufichi. Na sasa kuna lami, natoka hapa asubuhi, chakula cha mchana nakula Tunduru. Nawatangazia majirani safari siku mbili kabla, na hakuna anayegonga mlango na kifurushi cha ndugu yake. Nafika mapema kuliko wote, na sina hata mtu mmoja wa kumwambia kwamba anasalimiwa.