Hodi Shambani kwa Bi Mwanaidi

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyokemewa shambani Handeni, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu hapa Manundu mpaka majirani wanachungulia. Nimesikia nawe wiki ijayo unakwenda huko kuchunguza wadudu wa mashambani, na simu yako ya kupigia picha na mitego yako mipya. Vizuri sana. Mimi nilikwenda na vikopo. Keti basi nikusimulie, chai bado ya moto.

Nilikuwa binti wa Vugiri, nimetoka shule karibuni, nimepata kibarua kwa mtaalamu mmoja wa wadudu ambaye sote tulimwita Daktari. Mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alitaka kujua ni wadudu gani wanaotambaa kwenye mashamba ya mahindi, maana wapo wanaokula mahindi, na wapo wanaowala hao wanaokula mahindi, na mkulima akiwaua wote kwa dawa moja anajifukuzia askari wake mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kutega. Unachimba kishimo, unafukia kikopo mpaka mdomo wake uwe sawa na udongo, unatia maji ya sabuni na chumvi kidogo, kisha unakiwekea kibati juu ya vijiti ili mvua isikijaze. Mdudu akipita anatumbukia.

Kijijini tulipokewa vizuri. Mwenyekiti alitupeleka kwa Mzee Athumani, naye akasema tuchimbe tu, shamba ni letu. Tukashukuru, tukaenda moja kwa moja shambani, nikafukia vikopo vyangu kufuata mpaka, vimenyooka mpaka nikajisifu. Jioni ile mvua ya kwanza ya masika ikanyesha.

Asubuhi tulipokwenda kuangalia mitego, tukakuta akina mama wamesimama njiani, majembe begani. Walikuja kumsaidia mwenzao kupanda, kama ilivyo desturi yao, leo kwako kesho kwangu. Mwenzao mwenyewe, Bi Mwanaidi, mkewe Mzee Athumani, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shamba, kikapu cha mbegu mapajani, jembe amelilaza chini.

“Shikamoo mama,” nikasema.

“Marahaba. Ni wewe uliyefukia haya mambo?”

“Ni mimi, mama. Ni mitego ya wadudu.”

“Basi mie sipandi. Sitii mbegu juu ya fingo.”

Hata kwetu milimani tunajua fingo ni nini: ni dawa anayoifukia mpakani mtu mwenye nia mbaya, ili mavuno ya jirani yahamie kwake. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba kikopo changu, kilichofukiwa mpakani, chenye povu na wadudu waliokufa, kingefanana na fingo kuliko fingo lenyewe. Mama mmoja alikwishaanza kulitazama shamba la jirani kwa jicho lisilo zuri.

Daktari akaanza kueleza. Akasema habari za mende, habari za viwavi, habari za manufaa ya taifa. Bi Mwanaidi alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Na jua lilikuwa linapanda. Mwanangu, wewe mtoto wa mjini huenda hujui: mvua ya Handeni haina mazoea na mtu. Udongo ukilowa unapanda siku hiyohiyo, ukikauka unaweza kukaa ukatazama mawingu tu. Na akina mama wale kesho yake walikuwa na shamba la mwingine. Chakula cha nyumba ile kilikuwa pale mapajani mwa mama yule, nasi ndio tuliokizuia.

“Lakini mzee ametupa ruhusa,” Daktari akasema.

“Mzee!” akasema Bi Mwanaidi, na akina mama wakaangua kicheko. “Mzee shamba hili amelikanyaga lini? Kamwulizeni mpaka uko wapi.” Kisha akanigeukia mimi, akashusha sauti. “Mwanangu, kwenu mahindi analima nani?”

Nikamwona mama yangu kule Vugiri, ameinama kwenye matuta yake, ukungu mgongoni.

“Mama,” nikajibu.

“Basi unajua. Na ukaingia shambani kwangu kama mbuzi. Mbuzi ndiye asiyepiga hodi.”

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Nilitoka shambani mpaka njiani, nikavua viatu, nikasimama kama mtu aliyefika mlangoni. Daktari naye, maskini, akaja akasimama nyuma yangu.

“Hodi!”

“Nani?” akauliza Bi Mwanaidi, utadhani hajatuona.

“Ni binti wa Vugiri, mama. Naomba kutega wadudu shambani kwako, na kila kitakachoingia nikuonyeshe.”

“Mpakani hapana.”

“Hapana kabisa, mama.”

“Karibu.”

Nikang'oa vikopo vyote, nikavimwaga juu ya ungo mbele ya kila mtu, na jirani tukamwita aje aone. Mende weusi, nyenje, buibui, na tandu mmoja aliyemfanya mama mmoja aruke na kanga yake. Wakacheka, wakainama, wakauliza huyu anakula nini na yule anakula nini, na Daktari akajibu safari hii kwa maneno ya watu. Bi Mwanaidi akachagua mwenyewe mahali pa kutega, katikati ya shamba, akachimba vishimo kwa jembe lake. Alipomaliza akampa Daktari mbegu. “Na wewe panda.” Mwanangu, mistari yake ilipinda! Mahindi yalipoota, kijiji kizima kilijua yale ni ya nani. Lakini shamba lilikwisha kupandwa udongo ungali na maji, na mavuno yalipatikana. Tulikula bada, ule ugali wa muhogo, nyumbani kwake kila tulipokwenda.

Miaka ilipita, nikaolewa. Siku ya harusi, kule Vugiri, tukasikia sauti uani: “Hodi! Hodi! Hodi tena!” Mama akatoka mbio akidhani kuna msiba. Alikuwa Bi Mwanaidi, amepanda mlima kwa mara ya kwanza maishani mwake, anatetemeka kwa baridi, kuku kwapani. “Mie napiga hodi, mama,” akamwambia mama yangu, “si kama huyu binti yako.” Nililia na kucheka palepale, wanja wote ukaharibika.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini kwanza ujue mwenyeji ni nani. Ruhusa ya ofisi ichukue, ya mwenye nyumba ichukue, kisha mtafute yule ambaye mikono yake ina udongo wa shamba lile, umpigie hodi yeye. Mwonyeshe ulichokitega kabla hujakipeleka kwa wakubwa zako. Na akikukemea, shukuru, maana aliyekuchoka hakukemei.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya kuona vidogo na masikio ya kusikia wakubwa, mvua ikukute umeshapokelewa, na kila utakapopiga hodi uitikiwe karibu.