Januari ya Nanay Basilisa

Kwenye dirisha la usajili la San Eleuterio, Aling Eufemia Dimaala hakuwahi kumwambia mtu "karibu". Aliwaambia "sema". Ukisema ovyo, alikutazama kuanzia kandambili mpaka kofia, akafyonza, kisha akakuuliza kama kwenu hakuna mwingine mwenye akili kidogo aje badala yako. Vizazi, ndoa na vifo vya mji mzima vilipita mikononi mwake, na sisi sote tulipita humo humo tukiwa tumetukanwa. Padre tulimwogopa, lakini padre ungeweza kumpelekea kuku akalainika.

Mwanzoni mwa Desemba ile alikuja Mang Gaudencio, mkausha mbata, amekumbatia kofia kifuani. Baba yake alikuwa amefariki siku moja nyuma.

"Pole," akasema Aling Eufemia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. "Kafa tarehe ngapi?"

"Ndiyo nilikuwa naomba, Aling Femia. Tuandike Januari."

"Januari ipi?"

"Hii inayokuja."

Kalamu ikawekwa mezani taratibu. Foleni ikasogea karibu, maana tulijua kinachofuata.

"Yaani baba yako amekufa, lakini hajafa mpaka Januari. Na mpaka hapo mtamweka wapi? Darini, pamoja na mbata?"

"Binti yangu aliolewa Agosti. Si unaijua sukob, Aling Femia?"

Nani asiyeijua? Hata mtoto wa chekechea kwetu anajua kwamba ndugu wawili hawafungi ndoa mwaka mmoja, na kwamba harusi na msiba haviingii nyumba moja mwaka mmoja. Ukivunja hilo, mmoja wa wanandoa atazikwa mapema. Hayo ndiyo maisha yetu, na tunayashikilia kuliko amri kumi, ambazo nazo tunazivunja bila wasiwasi wowote.

"Kamwambie binti yako hivi," Aling Eufemia akasema. "Mumewe akifa, atakuwa ameuawa na pombe ya mnazi, si na babu. Mwingine!"

Foleni nzima tukacheka, na kesho yake nusu yetu tungeomba kitu kile kile. Ndivyo tulivyo, hatuna haya hata kidogo. Mang Gaudencio akaondoka na Desemba yake, macho chini.

Aliwadharau wote wa namna hiyo, na wakubwa zake hakuwabagua. Kila Februari alikuja bwana mmoja wa takwimu kutoka makao makuu ya mkoa, shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe, akatuonyesha michoro ukutani. Vizazi vinashuka. Ndoa zinaporomoka. Vifo vinapanda Januari. Ndoa zinaporomoka kwa sababu vijana wanaogopa majukumu, alisema, na Januari watu wanakufa kwa kula nguruwe mwingi wa sikukuu. Meya akapiga makofi, akaahidi harusi ya pamoja ya bure na keki ya ghorofa tatu. Aling Eufemia alikaa nyuma akipepea kwa bahasha.

"Nguruwe," alinong'ona. "Nguruwe wa watu anasingiziwa hivi hivi, na sukob hakuna anayeitaja."

Wengine walidhani alizaliwa na nyongo mdomoni. Uongo. Alikuwa msichana mcheshi, na alikuwa na mchumba, Teodulo, kijana wa melini mwenye nywele nyingi na mshahara kidogo. Gauni lilikuwa limeshonwa, nguruwe ameshanenepeshwa. Ndipo mdogo wake Leonila, msichana asiyejua hata kuchemsha wali, akapata mimba ya dereva wa bajaji.

Mama yao, Nanay Basilisa, hakulia wala hakupiga mtu. Alitoa hukumu tu, huku anachambua mboga. "Tumbo halisubiri. Gauni linasubiri. Femia, wewe utaolewa mwakani."

Gauni lenyewe halikusubiri. Lilifumuliwa kiunoni, akavalishwa Leonila. Mwaka huo ulipofika, Januari tu, baba yao alianguka kutoka juu ya mnazi akafa, na mwaka ule nao ukafungwa. Teodulo akarudi melini. Mwaka wa tatu habari zikaja kwamba ameoa muuguzi huko Cebu. Eufemia alipokea habari hizo anasuka mkeka, akamaliza safu yake, akaamka akaenda kuomba kazi manispaa. Akapewa dirisha. Tangu siku hiyo, aliyekuja kulialia na sukob mbele ya dirisha lile alijuta kuzaliwa.

Nanay Basilisa hakuomba radhi hata siku moja. Waliishi nyumba moja, wawili hao, wanapikiana, wanauguzana, wanatukanana kuanzia kahawa ya asubuhi mpaka sala ya jioni. Mama akisema supu haina chumvi, binti anajibu aiongezee machozi yake, kama anayo.

Halafu Teodulo akarudi. Mjane, kipara, tumbo mbele, moyo unaokwenda kwa vidonge. Akaja kusimama dirishani kwenye foleni kama mtu yeyote.

"Sema," akasema Eufemia bila kuinua macho.

"Nataka kusajili ndoa."

"Na nani?"

"Na wewe, kama hujachoka."

Alimwita zee lisilo na haya, akamwambia foleni inasubiri, akamwambia arudi saa ya chakula cha mchana. Juni wakafungishwa ndoa na meya, bila gauni, bila nguruwe. Nanay Basilisa, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu mpaka mchana na usiku kwake ni mamoja, aliuliza jambo moja tu: "Mwaka huu kwetu kafa nani? Hakuna? Basi oaneni upesi, kabla zamu yangu haijafika."

Zamu ikaanza kubisha hodi Novemba. Mapafu. Daktari akawarudisha nyumbani na dawa ya maumivu, akasema kizee hiki hakimalizi wiki mbili. Kikamaliza. Krismasi ikapita, kizee kimekaa kitako kitandani, kimeng'ang'ania nguzo ya kitanda, kinahema kwa mluzi, na dawa kimekataa.

"Itanilaza," kilisema. "Femia, leo tarehe ngapi?"

"Tarehe ya kunywa uji."

"Nimekuuliza tarehe, sikukuuliza uji, mpumbavu wewe."

Kila asubuhi na kila jioni swali ndilo hilo. Eufemia alidhani mama anamsubiri mjukuu aliyeko Dubai. Alimwambia Leonila jikoni, kwa kebehi, kwamba mtoto wake hana hata nauli ya kuja kumwona bibi yake akifa.

Leonila aliacha kumenya vitunguu. "Ate, dada yangu, wewe una akili au una cheo tu? Hamsubiri mtu. Anasubiri Januari."

"Januari kuna nini?"

"Uliolewa Juni. Akifa mwaka huu, na Teodulo mwenyewe moyo wake ndio ule... Hataki kukuharibia mara ya pili. Kaniambia nisikwambie, kwa sababu utacheka."

Eufemia hakucheka. Alikasirika mpaka masikio yakawaka. Ujinga ule ule uliomla ujana wake sasa unamkaba mama yake kooni, na safari hii unafanywa kwa ajili yake! Akaingia chumbani kwa kishindo.

"Nanay, kunywa dawa ulale. Ukitaka kufa, kufa. Mimi siogopi takataka hizo."

"Nyamaza. Tarehe ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Bado," akasema mama, akashika nguzo upya.

Siku mbili zilizofuata kizee kilipotea, kinazinduka na kuzimia, kinanong'ona namba. Kufika tarehe ishirini na nane, vidole vyake kwenye ile nguzo vilikuwa vimechubuka. Eufemia alivitazama. Kisha akatoka nje, mwanamke yule ambaye hakuwahi kumsogezea mtu tarehe hata kwa siku moja, akawaita Leonila na Teodulo uani.

"Tunamfanyia mwaka mpya. Leo. Sasa hivi. Hatajua amelala siku ngapi."

"Ate, mchana huu?"

"Haoni! Kamata sufuria."

Ilikuwa alasiri, jua kali, kuku wanapekua. Leonila akapiga sufuria kwa mwiko. Teodulo akapuliza tarumbeta ya karatasi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, Eufemia akimzomea asije akafa yeye kwanza. Fataki akapewa jirani, Mang Isko, azilipue nyuma ya ukuta. Chumbani Eufemia akamjazia mama mapajani matunda ya mviringo, machungwa na zabibu, kama ifanywavyo kila nyumba mwaka ukigeuka, akatikisa sarafu mfukoni ziite nyingine.

"Mwaka mpya, Nanay! Umeingia!"

Kizee kikainua kichwa, kikasikiliza. Kikapapasa chungwa, kikaligeuza.

"Mbona mbwa hawabweki?"

"Wamejificha."

"Na kengele ya kanisa?"

Sufuria zikasita. Leonila akaziba mdomo kwa kanga ya jikoni.

"Imepasuka," akasema Eufemia.

Nanay Basilisa akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda mrefu. "Femia, Femia. Kudanganya hukuweza tangu mdogo. Leo ni sikukuu ya Watoto Wasio na Hatia, siku ya watu kufanyiana mizaha, nami mmeniona ndiye mjinga wa mwaka." Akavuta pumzi. "Haya, basi ruka."

"Niruke nini?"

"Mwaka mpya watoto wanaruka ili warefuke. Wewe kila mwaka ulinuna kwenye ngazi, ndiyo maana umebaki kimo hicho. Ruka nikusikie."

Aling Eufemia, karani wa usajili, tisho la mji, mwanamke wa miaka zaidi ya hamsini mwenye magoti mabovu, akaruka. Mbao za sakafu zikalia.

"Tena."

Akaruka tena, na tena, machozi yanamtoka anayafuta kwa ghadhabu.

"Inatosha. Basi imekuwa Januari," akasema mama yake, akaachia nguzo. "Nipeni hiyo dawa yenu chungu." Akanywa, akalazwa, akafumba macho. Walipodhani amelala akasema, wazi kabisa, "Lile gauni lilikupendeza wewe."

Akafa kabla wali wa jioni haujaiva.

Kwetu maiti hukaa nyumbani siku nyingi, tukipata mahali pa kucheza karata na kunywa kahawa ya bure, kwa hiyo tulijua hata Januari yenyewe itamkuta Nanay Basilisa sebuleni. Leonila akaling'ang'ania hilo. "Ate, andika Januari. Nani atauliza? Mwenyewe alikubali kabisa imekuwa Januari. Mfikirie Teodulo. Moyo wake ule utauweza ujeuri wako?"

Kesho yake asubuhi Eufemia akaenda kazini na nguo nyeusi. Foleni ilikuwepo, na Mang Gaudencio ndani yake, amekuja kuchukua cheti cha baba yake. Wote tulijua mama yake kafa lini. Hatukwenda kumpa pole tu, tusijisifu. Tulikwenda kuona atafanya nini. Wapo waliokuwa na wafu wao nyumbani, wanangoja tu aandike Januari ili nao wapate mlango.

Akaandika jina la mama yake. Akaandika umri. Alipofika kwenye tarehe, kalamu ikasimama. Akamwona akilini Teodulo uani akipuliza tarumbeta, midomo imekuwa ya zambarau. Akaifunika kalamu, akaifunua tena, yeye aliyetutukana miaka yote hiyo. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kama Gaudencio, kama Leonila, kama bibi yeyote wa kijijini asiyejua kusoma.

"Mjinga wee," akajiambia, tukasikia.

Akaandika Desemba, ishirini na nane. Akapiga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka. Halafu akainua macho kwa Mang Gaudencio.

"Unakodoa nini? Sema."

Nyumbani alimkuta Teodulo anapanga viti vya wafiwa. "Nimeandika Desemba," akamwambia.

"Nilijua," akasema mumewe. "Shika kiti upande huo."

Hakuzungumza tena habari hiyo na mtu, na ukimgusia atakula nyama yako mbichi. Lakini Leonila, aliyelala kwao siku zile za msiba na nyingine nyingi baadaye, ametuambia. Mwaka mzima uliofuata, kila alfajiri kabla jogoo hajawika, Eufemia aliamka, akaweka kiganja juu ya kifua cha mumewe, akasubiri. Kikipanda, akaondoa mkono upesi.

"Amka, mvivu mkubwa wewe," alisema. "Kahawa haijipiki."