Chumba cha Redio, Baada ya Matanga

Nilianza mafunzo ya kazi nikiwa nimenyolewa kichwa. Kwetu, kwenye miteremko ya Meru, mzazi akizikwa watoto wananyolewa, na baba alikuwa amezikwa siku chache tu kabla chuo cha ufundi hakijatutawanya kwenda kujifunza kwa vitendo. Wenzangu walipelekwa viwandani, kwenye mashirika ambayo kila wiki tulisikia yanauzwa. Mimi nilipangiwa kampuni kubwa ya utalii pale Sakina, mjini Arusha, kando ya barabara ya Nairobi.

Ilikuwa miaka ya biashara huria. Kampuni za utalii zilikuwa zikizaliwa mjini kama uyoga, nyingine zikiwa na gari moja na chumba cha kupanga. Hii ilikuwa kubwa kweli. Uwanja wake ulijaa magari ya safari, ilikuwa na karakana yake, mlingoti mrefu wa antena, na ofisini kompyuta tatu zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, kama tulivyofunika redio nyumbani. Nilitamani sana kuwekwa kwenye hizo kompyuta. Nikapelekwa chumba cha redio.

Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya ofisi. Humo kulikuwa na redio ya mawasiliano, betri mbili za lori chini ya meza kwa ajili ya umeme unapokatika, ubao ukutani wenye namba za magari, na mama mmoja. Simu za mkononi hazikuwa zimetufikia. Gari likishapita Makuyuni kuelekea mbugani, njia pekee ya kulisemesha ilikuwa kupitia chumba hicho, na madereva walikiita Besi, yaani kituo kikuu.

Yule mama ndiye aliyekuwa mkuu wangu. Babu yake alitoka Pangani, lakini yeye alizaliwa Arusha, katika mitaa ya zamani ya mjini, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu sisi wa mlimani, ambao tulikutana na Kiswahili shuleni. Alisomea mawasiliano, na nadhani sijawahi kuona mtu anayependa kazi yake kama yeye. Asubuhi alifuta redio vumbi kabla hajavua mtandio wa baridi. Siku yangu ya kwanza alinikalisha, akanizuia kugusa chochote.

"Sikiliza tu," aliniambia. "Ukibonyeza kitufe cha maiki, wewe unasikika lakini husikii. Kwa hiyo mtu anayependa kusema hapa ataua watu."

Nilisikiliza wiki nzima. Alinifundisha kwamba mawimbi hupanda juu sana, yakagonga anga, kisha yakashuka mbali. Ndiyo maana gari lililoko Serengeti lilisikika kama liko chumba cha pili, na lililoko karibu zaidi likasikika kwa shida, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Hapo ulimwomba dereva wa mbali akupitishie ujumbe kwa yule wa karibu. Chuoni nilikuwa nimekariri hayo kwa ajili ya mtihani. Kwake niliyaelewa.

Jambo moja ni lazima niseme. Niliipenda ile kazi pia kwa sababu ilikuwa mbali na nyumbani. Nilikuwa nakaa kwa shangazi Kimandolu, na mama alikuwa amebaki peke yake katika nyumba ambayo baba hayumo. Kaka zangu wawili walikuwa Mererani machimboni, walikuja kuzika wakarudi. Jumamosi nilipopanda mlimani nilimkuta mama amekaa jikoni bila moto, hasemi. Jumatatu nilishuka haraka kuliko ilivyohitajika.

Wiki ya pili, siku ambayo yule mama alikuwa ameniahidi kwamba nitaita magari ya asubuhi mwenyewe, baba mdogo alifika. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia mkononi.

"Shikamoo, baba," mkuu wangu alimwamkia.

"Marahaba, mama. Nimekuja kumchukua binti yetu."

"Poleni sana kwa msiba."

"Tumeshapoa. Ila shemeji yangu analala peke yake, na chakula hali. Mtu wa kukaa naye ni huyu. Kuna haya mambo ya redio, na kuna mama."

Baba akifa, baba mdogo ndiye baba. Na alikuwa anasema kweli. Lakini nikiacha katikati, chuo kingenirudisha mwaka mzima nyuma, na nilijua kwamba mtu anayerudi nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya msiba mara nyingi harudi tena shule.

"Kaa kwanza unywe chai, baba," mkuu wangu alisema, akimvutia benchi. "Muda wa kuita magari umefika. Wasipoisikia Besi watadhani na sisi tumeshauzwa."

Baba mdogo hakucheka, ila alikaa. Fundi alimwita yule mama nje, waya wa antena ulikuwa umelegea kwa upepo wa usiku. Alinikabidhi maiki, akatoka.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Unaita gari, unamaliza kwa neno "Ova" ili mwenzako ajue ni zamu yake kusema, dereva anasema yuko wapi na gari lina hali gani, unaandika ubaoni, unaita linalofuata.

"Gari namba moja, Besi hapa. Ova."

"Besi, habari za asubuhi. Leo sauti ya bimkubwa imerudia usichana? Ova."

"Mimi ni mwanafunzi. Uko wapi? Ova."

"Niko Seronera, gari zima. Aa, kumbe ni wewe, yule wa kichwa kipara! Tumesikia umefiwa na mzee. Pole sana, mwanangu. Ova."

"Asante, nimeshapoa. Ova."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Dereva wa kwanza akishatoa pole mbele ya wote, wa pili atapitaje kimya? Ataonekana mtu wa namna gani? Namba mbili alitoa pole, akauliza mzee aliugua nini. Namba tatu alitoa pole na kusema naye alimzika baba yake mwaka uliotangulia. Namba tano hakungoja kuitwa, aliona aibu kuchelewa. Wawili wakabonyeza pamoja, redio ikapiga mluzi, kila mmoja akarudia pole yake kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nami nilimjibu kila mmoja, kwa sababu nililelewa hivyo. Yalikuwa matanga kamili, yametandazwa kutoka Tarangire hadi Serengeti. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, na kila pole ilipoingia aliitikia polepole, "Amina," kana kwamba wanamwona.

Chini ya sauti zile kulikuwa na nyingine, nyembamba. Niliisikia nikadhani ni kelele za anga.

Yule mama aliingia mbio na matope miguuni. Ile sauti aliisikia akiwa nje ya dirisha. Alichukua maiki.

"Magari yote, kimya. Mtu asibonyeze."

Kukawa kimya. Hata baba mdogo alizuia pumzi.

"Mwenye sauti dhaifu, sema."

Ile sauti ikaja, ikapotea, ikaja. Gari namba saba. Zaidi ya hapo nilishika neno moja tu: Natron. Nilitarajia aendelee yeye. Badala yake alinirudishia maiki, mkono wake ukiwa bado umelowa.

"Malizia. Zamu ni yako."

"Mimi ndiye niliyeharibu, mama."

"Hujaharibu. Umewaitikia watu. Sasa fanya kazi ya pili, sikiliza."

Niliita namba moja, nikamwomba anisikilizie namba saba na kunipitishia. Dereva yule yule aliyenitania aliyarudisha maneno moja moja, safi kabisa. Gari lilikuwa limevunjika ekseli kwenye mchanga upande wa Natron tangu jana jioni, wageni wanne, mmoja ni bibi mzee ambaye hajisikii vizuri, maji yamebaki kidogo. Ubaoni, namba kumi na moja alikuwa amelala Engaruka, karibu na huko, na gari halina wageni. Nilimtuma apeleke maji, kupitia namba moja, na jibu lake likarudi kwa njia hiyo hiyo.

"Nimepata. Naondoka sasa hivi. Na pole ya msiba, hiyo nitakupa nikirudi. Ova."

Mkuu wangu alicheka hadi akavua miwani. Kisha aliyaambia magari yote jambo ambalo nimelifikiria miaka mingi. Angeweza kuwakaripia, na mkurugenzi wa kampuni angemsifu. Alisema, "Wanangu, asubuhi hapa ni kazi. Msiba nao tutaupa saa yake. Jioni, kila gari likishaegeshwa, mwenye pole ataitoa, na mwenye furaha ataisema." Hakuiondoa pole. Aliitafutia mahali. Na jioni zote nilizokaa pale ilikuwa hivyo: mtu amepata mtoto, mtu ameuguliwa, mmoja mmoja, kwa zamu.

Baba mdogo alikuwa bado na kofia mkononi.

"Nijiandae, baba mdogo?" nilimuuliza.

"Huyo wa maji amefika?"

"Bado. Ni mbali."

"Basi tungoje."

Alingoja. Alikunywa chai, akakataa ya pili, akainywa. Aliuliza ekseli inavunjikaje. Aliuliza kama yule bibi ana watoto. Kila redio ilipokoroma aliinuka nusu. Jua lilikuwa limeshapanda na tumeshahamia masafa ya mchana, namba moja alipotupitishia ujumbe: wamekutana, wamekunywa maji, bibi amekaa kivulini na anaomba picha.

Baba mdogo alisimama, akavaa kofia.

"Kazi hii inaisha lini?"

"Mwezi ujao," mkuu wangu alijibu. "Nisamehe, baba, sitaki kuingilia ya kwenu. Ila huyu anasikia. Siyo wengi."

Baba mdogo alinigeukia mimi.

"Binti yangu mdogo atahamia kwa shemeji. Shule ni karibu tu na pale. Wewe maliza."

Ilikuwa rahisi kwake kulisema lakini halikuwa jambo dogo. Yule mtoto ndiye aliyekuwa akimkatia majani ya ng'ombe na kumsomea Biblia usiku, maana macho ya baba mdogo yalikuwa yameanza kuchoka. Aliaga akaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilipopanda mlimani nilisikia sauti ya mama kabla sijaona nyumba. Alikuwa akimgombeza yule mtoto kwa kumwaga maziwa. Moto ulikuwa unawaka, sare ya shule inaning'inia kwenye kamba. Nilisimama migombani nikisikiliza, sikutaka anione bado.

Nilipoingia hakuniuliza habari za mjini. Aliniangalia kichwa, nywele zilikuwa zimeanza kurudi, akapitisha kiganja juu yake.

"Baba yako mdogo amewaambia watu wote kanisani kwamba mmeokoa bibi wa Kizungu, yeye na wewe," alisema. "Hebu kaa. Nieleze, yeye alifanya nini hasa?"

"Alikunywa chai, mama."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuzike.